Jina la mtu wa maiki kwenye santuri

Mwaka 1991 ndugu wawili wa Hackney, mashariki mwa London, walitoa albamu wakaiita Reggae Owes Me Money, yaani rege haijanilipa changu. Mtu akisoma jina hilo kabla hajasikia hata wimbo mmoja, tayari ameshajua kwamba kuna watu walifanya kazi na hawakuona pesa yake. Ndugu hao ni Flinty Badman na Demon Rockers, na kwa pamoja walijiita Ragga Twins. Miaka ya themanini walikuwa watu wa maiki: wanasimama ukumbini na saundi, yaani kundi lenye spika na sahani zake, wanachana juu ya biti za rege mpaka alfajiri, na kukicha majina yao yanabaki midomoni mwa waliokuwepo na kwenye kanda za kaseti zilizorekodiwa usiku huo. Lebo iliyowaingiza studio, ikawapa biti za kasi ambazo wachanaji wa rege hawakuzizoea, kisha ikayaandika majina yao katikati ya santuri, iliitwa Shut Up and Dance.

Naipenda lebo hiyo kuliko lebo yoyote ya jungle, muziki wa London wa ngoma za kasi na besi nzito, na nataka kueleza kwa nini. Historia ya jungle na ya drum and bass iliyotokana nayo ikisimuliwa, watu hukimbilia mwaka 1994. Hutajwa lebo kama Metalheadz ya prodyuza Goldie, hutajwa Moving Shadow na V Recordings, na zote zinastahili kutajwa. Shut Up and Dance hupewa sentensi moja tu, kama watangulizi waliovuma kidogo kisha wakafilisika. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Vijana wawili wa mtaani walifanya jambo ambalo wengi waliokuja nyuma yao, wenye pesa na vyombo bora zaidi, walilisahau.

Vijana hao walijulikana kama PJ na Smiley, wa Stoke Newington, humo humo Hackney. Kabla ya lebo walikuwa na saundi yao, na walipenda hip hop ya Marekani. Shida waliyoiona ni kwamba wachezaji wao walitaka kwenda mbio kuliko sahani zenyewe. Basi wakaziongeza kasi. Walichukua breki, kile kipande cha wimbo ambapo waimbaji na magitaa hunyamaza na ngoma zikabaki peke yake, wakaipandisha mwendo, na chini yake wakaweka besi nzito waliyoijua tangu utotoni kwenye kumbi za rege. Walisema mara nyingi kwamba walichokuwa wakitengeneza ni hip hop ya kasi, wala hawakujihesabu kuwa watu wa yale matamasha makubwa ya usiku kucha yaliyokuwa yameikumba Uingereza wakati huo. Moja ya nyimbo zao za mwanzo inalalamikia bei ya kiingilio: pauni 10 kuingia kwenye ghala, na ndani hakuna cha maana. Waandaaji wa matamasha hayo hayo ndio waliozipiga sahani zao kuliko mtu yeyote.

Ili kuelewa Ragga Twins walitoka wapi, lazima nikae kidogo kwenye saundi sistimu, maana bila hiyo muziki wote huu haungekuwepo. Wahamiaji kutoka Jamaika na visiwa vingine vya Karibi walifika Uingereza kwa wingi baada ya vita, kuanzia mwaka 1948, na kumbi nyingi za starehe za London hazikuwataka. Wakajitengenezea za kwao: mabufa makubwa kama makabati ya nguo, amplifaya zilizounganishwa kwa mkono, sahani kutoka Kingston, na maiki moja. Muziki ulipigwa sebuleni, kwenye vyumba vya chini ya nyumba, kwenye kumbi za jumuiya. Kila saundi ilikuwa na mpiga sahani wake na wachanaji wake, na mara nyingi saundi mbili zilikutanishwa ukumbi mmoja zipambane mpaka moja izimwe na mashabiki. Msomaji aliyekulia uswahilini Dar es Salaam hahitaji maelezo marefu hapa. Anajua mtaa unavyofungwa kwa spika, anajua kigodoro, ile ngoma ya mtaani ya usiku kucha.

Katika mwanzo wa miaka ya themanini wachanaji wa saundi ya Saxon, kusini mwa London, walibuni namna ya kuchana kwa kasi kubwa, maneno yakimiminika bila nafasi ya kupumua. Mchanaji aitwaye Peter King ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wake. Mwenzake Papa Levi aliirekodi namna hiyo mwaka 1984, na wimbo wake ukashika nafasi ya kwanza Jamaika kwenyewe, jambo ambalo watoto wa wahamiaji hawakulitarajia. Mwaka huo huo Smiley Culture, naye wa Saxon, aliingia kwenye chati ya Uingereza kwa wimbo kuhusu polisi wanaomsimamisha mtu mweusi barabarani. Watu wengi husema jungle iliwalazimisha wachanaji waende mbio. Mimi naona kinyume. Wachanaji wa London walikuwa wakienda mbio miaka kadhaa kabla biti hazijawafikia.

Huko Hackney kulikuwa na saundi ya Unity, ya mwanamume anayejulikana kama Ribs. Mwaka 1985 Jamaika ilibadilika kwa wimbo mmoja wa Wayne Smith, uliotengenezwa na Prince Jammy kwa kinanda kidogo cha Casio kilichobeba biti ndani yake tayari. Ghafla rege haikuhitaji tena bendi nzima ndani ya studio. Unity waliidaka habari hiyo upesi. Wakaanzisha lebo yao, wakatengeneza biti za kompyuta hapo hapo London, na wakawarekodi wachanaji wao wenyewe. Demon Rockers alikuwemo, Flinty Badman alikuwemo, na mwimbaji Peter Bouncer naye alikuwemo. Hao ndio watu ambao PJ na Smiley walikua wakiwasikia mtaani. Walipoanzisha lebo mwaka 1989, hawakuhitaji kuvuka bahari kutafuta sauti. Sauti zilikuwa mtaani kwao.

Hapo ndipo penye uzito wa habari hii. Wakati huo kulikuwa na njia rahisi zaidi. Sampla za Akai zilikuwa zimeshuka bei kiasi kwamba kijana mwenye kibarua angeweza kujichanga akanunua au akakodi, na kwa mashine hiyo unaweza kukata sekunde mbili za sauti ya mchanaji kutoka kwenye kaseti au upande wa pili wa santuri ya Jamaika, ukaibandika popote utakapo. Mchanaji hajui. Hana habari kama yumo. Baadaye jungle ilijaa sauti za namna hiyo, maneno matatu manne yaliyokatwa na kurudiwarudiwa mpaka yanageuka kuwa chombo kingine cha muziki. Nyingine ni tamu ajabu na sitakataa kuzisikiliza. Lakini geuza santuri nyingi za aina hiyo, soma karatasi ya katikati: utakuta jina la prodyuza, jina la lebo, pengine namba ya simu. Mwenye sauti hayupo.

PJ na Smiley waliwaita wenye sauti waje. Ragga Twins waliingia studio mwaka 1990, wakasimama mbele ya maiki, wakaandika mashairi kwa ajili ya biti zile, na kuanzia santuri ya kwanza jina lao lilikuwa juu. Zikaja Spliffhead, Hooligan 69, Wipe the Needle. Ukizisikiliza leo utasikia watu wawili wanaojibizana kama walivyozoea ukumbini, mmoja anaanza sentensi na mwenzake anaimalizia, wanacheka, wanatoa onyo, wanamsalimia mpiga sahani. Huwezi kupata hayo kwa kukata sekunde mbili za kaseti. Yanapatikana mtu akiwepo mwenyewe, akisikia biti mpya na kuamua pale pale aipandie wapi.

Nieleze ufundi wake kidogo, kwa sababu hata wapenzi wa muziki huu hudhani ni fujo tu. Jungle ya mwaka 1994 inakwenda mapigo 160 kwa dakika au zaidi. Ukisikiliza ngoma peke yake utasema hakuna binadamu anayeweza kuchana juu yake. Lakini besi haikimbii. Besi inatembea kwa nusu ya mwendo huo, mapigo 80 na kitu, na huko ndiko rege inakoishi tangu zamani. Mchanaji anayejua kazi yake husimama juu ya besi na kuziacha ngoma zikimbie juu ya kichwa chake, kisha akitaka kuonyesha uwezo anapanda kwenye ngoma kwa mistari miwili mitatu, anashuka tena. Ndiyo maana dancehall, yaani rege ya wachanaji, na jungle ziliingiana bila kulazimishwa. Nyimbo za Ragga Twins za 1990 na 1991 zilikuwa bado hazijafika mwendo huo, zinazunguka kwenye 120 mpaka 130 hivi, na unamsikia mchanaji akitafuta njia mpya kwa sababu nusu ya mapigo hayo ni polepole mno na mapigo yenyewe ni mengi mno. Wanachana katikati, wanavuta neno, wanalibana. Kwangu mimi huo utafutaji ni mtamu kuliko umahiri wa baadaye. Unasikia kitu kinazaliwa na waliomo chumbani bado hawajakipa jina.

Biashara yenyewe ilikuwa ya mikono na miguu. Lebo huru ya wakati ule haikuwa na ofisi ya matangazo. Unalipa kiwanda kikuchapie santuri mia chache zenye karatasi nyeupe isiyo na maandishi au yenye muhuri tu, unazipakia kwenye gari, unazunguka duka kwa duka. PJ na Smiley walianza hivyo hivyo, wakiuza wenyewe kutoka kwenye buti ya gari. Mwenye duka anaweka sindano, anasikiliza nusu dakika, anasema nipe kumi au anatikisa kichwa. Ukiuza, unarudi kiwandani. Santuri ikipigwa kwenye redio zisizo na leseni, zile zilizokuwa na antena juu ya maghorofa ya halmashauri na ambazo maafisa wa serikali walizing'oa leo zikasimikwa tena kesho, kesho yake vijana wanapanga foleni dukani wakiuliza ule wimbo. Kool FM, iliyokuja kuwa redio ya jungle kuliko zote, ilianzia Hackney mwaka 1991. Lebo, redio, duka na ukumbi vilikuwa umbali wa safari ya basi moja.

Palikuwa na mahali pengine ninapopapenda sana katika habari hii: Music House, karakana ya kukatia dabupleti huko kaskazini mwa London, iliyoanzishwa na wanamuziki waliotoka bendi ya rege ya Black Slate. Dabupleti ni sahani ya alumini iliyopakwa utomvu laini. Wimbo unachongwa juu yake papo hapo, nakala moja tu, na baada ya kupigwa mara kadhaa sauti inaanza kufifia. Saundi za rege zilizitumia miaka mingi ili kila moja iwe na nyimbo ambazo mpinzani hana. Jungle ilipokuja, madijei wake walikwenda pale pale, wakakaa kwenye benchi moja na wazee wa rege wakisubiri zamu yao. Kila mmoja anasikia alichokuja nacho mwenzake. Hakuna mkataba uliosainiwa kwenye benchi lile, lakini nusu ya uhusiano wa dancehall na jungle ulifungwa hapo.

Suala la jina linanigusa kwa sababu ya mdogo wangu. Ni MC, yaani mchanaji, wa singeli, muziki wa kasi wa mitaa yetu hapa Dar. Usiku mmoja alichana kwenye kigodoro Temeke, mtu akarekodi kwa simu, na miezi kadhaa baadaye tulikuwa kwenye bajaji pamoja tukasikia sauti yake ndani ya wimbo wa mtu mwingine, imekatwa vipande na kurudiwa kwenye kiitikio. Alinishika mkono. "Kaka, ni mimi huyo!" Alifurahi, nami nikafurahi naye, tukamwomba dereva aongeze sauti. Tulipokuwa tunashuka akaniuliza, "Sasa watu watajuaje kama ni mimi?" Pesa hakuitaja siku hiyo. Ilikuja baadaye, baada ya wimbo kuenea, na wakati huo hapakuwa na karatasi wala ujumbe wowote wa kuonyesha ile sauti ni ya nani. Aliyeutengeneza wimbo simtaji, na kwa kweli sidhani kama alikuwa na nia mbaya. Alipata faili kwenye simu, akaitumia. Ofisi ya hakimiliki tunayo, COSOTA, na sheria ya mwaka 1999 inamtambua hata mtoa sauti. Lakini sheria inahitaji pa kuanzia, na pa kuanzia ni jina lililoandikwa siku ile ile.

Shut Up and Dance wenyewe hawakuwa malaika katika jambo hili, na hapa lazima niseme bila kuficha. Waliwaheshimu wachanaji wa mtaani kwao, lakini nyimbo za watu wengine walizichota watakavyo, vipande vizima vya nyimbo za pop ambazo kila mwenye redio alizijua, bila kuomba ruhusa. Mwaka 1992 walimwita Peter Bouncer, yule yule wa Unity, aimbe wimbo ulioitwa Raving I'm Raving. Umejengwa juu ya wimbo wa Mmarekani Marc Cohn kuhusu mji wa Memphis, uliokuwa umevuma mwaka mmoja tu kabla: melodi ile ile, maneno yamebadilishwa ili yaeleze usiku wa kucheza. Uliingia kwenye chati ya Uingereza moja kwa moja nafasi ya 2. Lebo ya vijana wawili, bila kampuni kubwa nyuma yao, inawapita karibu wote waliokuwa na mamilioni.

Upande wa Cohn haukukubali. Makubaliano yaliyofikiwa yalizuia santuri hiyo isichapwe tena, na mapato yake yakaelekezwa kwenye misaada. Nakala zikaisha madukani na wimbo ukaporomoka kwenye chati wakati watu bado wanautafuta. Madai mengine ya sampuli yakafuata, yakikusanywa na chombo kinachosimamia haki za watunzi, na lebo ikafilisika. PJ na Smiley walirudi baadaye na kuendelea kutoa kazi, lakini ile kasi ya miaka ya mwanzo, ambapo kila santuri ilionekana kufungua mlango mpya, haikurudi.

Siwatetei. Cohn alikuwa na jina, alikuwa na anwani, wimbo wake ulikuwa bado unapigwa redioni. Wangeweza kuomba. Mtu aliyetunga melodi ana haki ya kusema hapana.

Kinachoniuma ni kuona ni nani mwingine aliyekuwa na haki kama hiyo na hakuwahi kuulizwa. Muziki wote wa jungle umesimama juu ya sekunde sita hivi za ngoma zilizopigwa mwaka 1969 na Gregory Coleman, mpiga ngoma wa bendi ya The Winstons ya Washington. Zimo katikati ya wimbo uliokuwa upande wa pili wa santuri yao, ambao wakati ule haukushughulikiwa na mtu. Zikaingia kwenye mkusanyiko wa breki uliotoka Marekani mwaka 1986, zikavuka bahari, na vijana wa London wakazikata kwa sampla, wakazipanga upya, wakazipandisha na kuzishusha mpaka zikawa lugha nzima. Ni vigumu kupata dijei wa jungle ambaye hajazipiga katika usiku wowote aliowahi kufanya kazi. Coleman alifariki mwaka 2006, hana makazi, hana kitu. Kiongozi wa bendi, Richard Spencer, alipata pesa mwaka 2015, zaidi ya pauni 20,000, baada ya wapenzi wa muziki kuchangishana kwenye intaneti. Ulikuwa mchango wa hiari tu, na Coleman hakuuona.

Mtunzi wa melodi alikuwa na mawakili ndani ya wiki chache. Mpiga ngoma alisubiri miaka 37 mpaka kifo. Na wachanaji wa Jamaika ambao sauti zao zilikatwa kwenye kaseti, wengi wao hawamo hata katika masimulizi. Kwa sababu hiyo jambo walilofanya PJ na Smiley kwa Ragga Twins, Peter Bouncer, na pia kwa Nicolette, mwimbaji waliyemtolea albamu mwaka 1992, naliona kubwa. Hakuna sheria iliyowalazimisha. Wangeweza kukata sauti kama wengine. Waliamua tu kwamba mtu anayesikika kwenye santuri ajulikane ni nani.

Njia hiyo waliendelea nayo baadhi ya waliofuata. Rebel MC, kijana wa Tottenham aliyefika nafasi ya 3 ya chati mwaka 1989 kwa wimbo wa rap, aliziacha kampuni kubwa, akajenga lebo zake mwenyewe, na kwa jina la Congo Natty akatengeneza jungle yenye imani ya Rasta ndani yake. Top Cat na Tenor Fly, wachanaji wa saundi za London, wamo kwa majina yao. Mwaka 1994 General Levy na prodyuza M-Beat walifika nafasi ya 8 na Incredible, na mchanaji wa dancehall akaonekana kwenye televisheni ya taifa akiwa juu ya biti ya jungle. Levy alijisifu kwenye jarida moja kwamba yeye ndiye anayeuongoza muziki huo, na madijei wakubwa wakakasirika, wakakubaliana kutoupiga wimbo wake. Hilo limejadiliwa sana na sitaki kulirudia, isipokuwa hili: ni ajabu kwamba mchanaji aliadhibiwa kwa kudai nafasi kubwa mno, wakati kwa miaka mitatu wenzake walikuwa wamepewa nafasi ndogo mno.

Kuanzia mwaka 1995 hivi maprodyuza wengi walianza kuiondoa sauti ya dancehall. Muziki ukaitwa zaidi drum and bass, ukawa mkavu, wa mashine, wa baridi. Kuna santuri bora za wakati ule, nami ninazo. Hata hivyo naona ulipoteza kitu usichowahi kukirudisha chote. Sababu moja iliyotajwa ni kwamba sauti za Kijamaika zilileta vurugu kumbini, na maneno hayo nayasikia kwa namna ile ile yanavyosemwa hapa kwetu juu ya singeli: muziki wa wahuni, muziki wa visu. Mtu akishasema hivyo, hatua inayofuata siku zote ni kumtoa mtu wa maiki na kubaki na biti yake.

Singeli inakwenda mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, na mara nyingine inakaribia 300. Ilizaliwa Manzese, Tandale, Mburahati na mitaa jirani, kwenye kompyuta za bei nafuu, kwa vipande vya taarabu na mchiriku vilivyopandishwa kasi, na ma-MC wanaochana bila kupumua. Maprodyuza wa studio ya Sisso huko Mburahati hawakuhitaji kufundishwa na London namna ya kukimbiza ngoma. Lakini mwaka 2017 lebo huru ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilipokusanya kazi zao kwenye albamu ya Sounds of Sisso, ilifanya kile kile kilichofanyika Hackney mwaka 1990: iliwaendea wenyewe mtaani, na kila wimbo ukatoka na jina la aliyeutengeneza. Baada ya hapo Bamba Pana, Jay Mitta, Sisso mwenyewe na Duke wakatoa albamu zao, na leo mtu aliye Berlin anaweza kuandika jina la kijana wa Mburahati akampata. Ninachokitaka ni kuona lebo kama hizo zikizaliwa kwa wingi hapa hapa Dar, za watu wa hapa, na zikifanya hivyo kwa MC aliyeshika maiki usiku ule, si kwa prodyuza peke yake.

Mdogo wangu siku hizi hachani mahali bila kutaja jina lake ndani ya mstari wa kwanza, ili yeyote atakayekata akate pamoja na jina. Akiingia studio anamwomba prodyuza aandike jina la faili likiwa na lake ndani, kisha wanatumiana ujumbe wa kukubaliana kabla hajaondoka. Nilimpa Hooligan 69 aisikilize. Akairudia mara kadhaa, akasema hao jamaa wanajua kugawana pumzi.

Na hao jamaa wamepatikana kila walipotafutwa. Mwaka 2002 duka na lebo ya Honest Jon's, ya London, ilikusanya nyimbo za Unity za miaka ya themanini, na Demon Rockers yumo. Mwaka 2008 lebo ya Soul Jazz ilitoa upya nyimbo za Ragga Twins kutoka Shut Up and Dance, na watoto waliozaliwa baada ya 1991 wakazinunua. Mwaka 2014 Skrillex, Mmarekani ambaye wakati ule alikuwa anajaza viwanja, alipotaka sauti ya namna hiyo kwenye albamu yake, hakukata kaseti ya mtu. Aliwaita wenyewe, na wimbo umetoka na jina la Ragga Twins limeandikwa kando ya lake.